Fremu ya Kona Kisiwani

Neema na Kassimu, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Haya. Nimekaa dirishani hapa Msimbazi, feni inanizungukia, na bado sijazoea kusema kwamba nimestaafu. Majirani wakisikia wananitazama nywele, wanatafuta mvi. Nina miaka ishirini na tisa na mvi sina. Daktari ndiye aliyeamua. Alinimulika sikio, akaniambia ndani humo kuna kitu kinachomweleza mtu juu ni wapi na chini ni wapi, na changu kimechoshwa na boti. Nikizidi kupanda, iko siku nitaanguka majini. Kwa hiyo sikio langu limestaafu na mimi nimelifuata tu, kama mke wa mwalimu aliyehamishiwa wilayani.

Kazi yenu mnaijua: kuwatoa watu wa Kariakoo madukani siku ya sikukuu, kuwapandisha boti, kuwapeleka kisiwani wakaone ufukwe wa hifadhi na magofu ya watu wa kale, halafu kuwarudisha wote. Neno zito hapo ni "wote". Jina la kisiwa silitaji, maana maandishi haya mtayarusha tu kwenye makundi ya simu, nawajua, na watu watakuja na mizigo.

Nianze na siku ya kwanza. Bi Sikitu, bosi wetu, alikuwa na chumba kilekile cha ghorofani, juu ya duka la mabeseni. Alikuwa ameuza nguo Kariakoo ujana wake wote, akagundua kwamba majirani zake wanaishi hatua chache kutoka baharini na wanaiona bahari kwenye kalenda tu. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Unaogopa bahari?" Nikasema siiogopi, sijawahi kuingia. La pili: "Unaogopa watu?" Nikamwambia nimeishia kidato cha pili lakini nimekulia Kariakoo. Akanipa kipaza sauti na deli la barafu, akasema, "Kesho saa moja asubuhi. Usile maharage."

Nilikuwa nimeshakula. Nilitapika tangu boti inang'oa nanga mpaka inafika, na katikati ya kutapika nikawa natoa maelezo ya usalama. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, kama wewe kiongozi uko hivi, sisi si tutatoka roho?" Nikamjibu kwenye kipaza sauti, kwa hiyo boti nzima ikasikia, kwamba hali yangu ni ya kawaida. Ikawa kweli. Miaka yote hiyo sikupata safari hata moja ambayo tumbo langu lilikaa kimya. Lakini siku ile tulipokaribia, maji yakageuka rangi ambayo mimi nilidhani ipo kwenye vitenge tu, na kuta za zamani zikachomoza nyuma ya mchanga, nikasahau tumbo. Nilifikiria watu waliokuwa wakipika ndani ya kuta zile, nani aliunguza wali, nani aliitwa chakula akachelewa. Nikajiambia, Pendo, hapa ndipo pako.

Kuhusu vifaa nitasema kimoja, vingine mtajifunza wenyewe. Kamba. Kamwe msiende bila kamba. Mgeni mwingine ukimwambia fuata mstari anakutazama, lakini mtu wa Kariakoo ukimpa kamba ashike, anadhani kuna mzigo mwisho wake, na haachii. Nimewahi kuwatembeza watu sitini kisiwa kizima kwa kamba moja na hakuna aliyepotea. Waliofika mwisho wa kamba walikuwa wananuna, lakini hiyo ni habari nyingine.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nandonde, mlinzi wa magofu, mtu wa Lindi. Msidhani alikaa chini akanipa hekima. Alikuwa mtu wa fujo ndogo ndogo. Asubuhi alifagia mchanga. Ndiyo, ufukweni, alifagia mchanga, kwa chelewa, akaupanga mistari. Alikuwa na ugomvi na kaa mmoja aliyechimba shimo chini ya ukuta wa nyumba kubwa. Mzee anafukia, kaa anafukua, na mzee akipita anamwambia, "Tutaonana." Nilimuuliza kwa nini asimuue. Akanitazama kama nimetukana. "Mwanangu, hii ni hifadhi."

Siku hiyo ya kwanza nilitaka kuingia na wageni kwenye nyumba kubwa. Mlango hauna mlango, mnapajua, ni uwazi tu wa mawe na chokaa. Mzee akanizuia kwa fagio.

"Hujabisha hodi."

"Mzee, humu hamna mtu."

"Umejuaje, na hujabisha hodi?"

Nikabisha. "Hodi!" Mzee akaruka haraka nyuma ya ukuta, na kutoka huko ikaja sauti, "Karibu!" Akarudi mbele akihema, akanionyesha kwa mkono niingie. Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu, lakini nikaona kitu. Hakuna hata mmoja aliyepanda ukuta wala kuchora jina lake kwenye chokaa. Mtu aliyekaribishwa ndani hawezi kukanyaga kitanda cha mwenyeji. Kule kwingine wameweka vibao vya onyo kila hatua tano na watu wanaviegemea wapigwe picha. Mzee alikuwa na hodi tu. Tangu siku hiyo kila kikundi changu kilibisha hodi kila chumba, na Mzee akawa anakimbia nyuma ya kuta kuitikia. Baadaye magoti yalipoanza kumsumbua, akaitikia palepale amesimama, amegeuza uso pembeni.

Wagonjwa wa kazi hii, yaani wageni wagumu, nimewaona. Kulikuwa na bwana mmoja wa tofali aliyechota mchanga mkononi, akaupepeta, akauliza lori linaweza kufika hapa. Kulikuwa na bibi harusi aliyekataa kupiga picha magofuni mpaka nimtoe popo. Na makombe ya baharini, jamani. Mnajua sheria, hakitoki kitu kisiwani, hata kombe lililokufa. Lakini mama wa Kariakoo hawezi kurudi kutoka mahali mikono mitupu, anaona kama amefiwa. Kuna kikundi kimoja walipokuwa wanapanda boti wakawa wanalia kama njuga, kah-kah-kah, kila wakitikisika, makombe yamejaa kwenye sidiria. Taarifa zikafika juu. Mzee akapata karipio.

Na hapo ndipo ninapoifikia siku ya fremu, ambayo nyinyi mmeisikia vipande vipande, kila mtu na kipande chake cha uongo. Sikilizeni ya kweli.

Ilikuwa sikukuu. Kikundi kilikuwa wafanyabiashara wa mtaa mmoja wa Kariakoo, watu kama arobaini, kiongozi wao Mama Kuruthumu, muuza vitenge, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti changu. Alikuwapo Bhai Jayesh, wa duka la jumla la mashuka, na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima, Waislamu kwa Wakristo, walimwita Ba, yaani bibi, kama wajukuu wake wanavyomwita. Alikuwapo Dulla, muuza soksi wa kandoni mwa barabara. Niliona vikapu vimekuwa vikubwa. Nikauliza. Mama Kuruthumu akasema, "Chakula, Dada Pendo. Sisi tunakula." Nikaamini. Mnisamehe, mimi nina kasoro ya kuamini watu wakishasema chakula.

Tulipofika, Mzee Nandonde alinivuta pembeni. "Shikamoo Mzee." "Marahaba, mwanangu. Leo anakuja Afisa Luhende."

Afisa Luhende ndiye mkubwa wake. Alikuwa amempigia simu, akamwambia anakuja kukagua, na akikuta wageni wameharibu tena, Mzee atatolewa kisiwani aende kukaa ofisi ya mjini, na huku ataletwa mlinzi wa zamu. Nikamwambia mjini si vibaya, Mzee, mwanao yupo Kariakoo.

"Mwanangu yupo," akasema. "Anakaa ghorofa ya nne, juu ya duka la spika. Unalijua duka la spika? Mteja hanunui mpaka ajaribu. Nilikaa kule wiki moja. Mjukuu wangu alikuwa akiniamkia asubuhi, namwona mdomo tu."

Alisema hivyo huku akifagia, hakunitazama. Nikaapa moyoni kwamba siku hiyo halisogei jiwe.

Nikawagawia kamba, nikawapeleka kwenye magofu. Pale kwenye uchochoro, mnapajua, vyumba vimepangana mstari, vinatazamana, mbele wazi, kila kimoja upana sawa. Mimi naona nyumba za watu wa kale. Mama Kuruthumu alisimama, kamba ikamtoka mkononi. Sijawahi kuona mtu wa Kariakoo akiachia kamba.

"Bhai," akasema taratibu, "unaona ninachokiona?"

"Fremu," akasema Bhai Jayesh.

"Fremu kumi na mbili, na zote tupu!"

Nyinyi mnajua fremu ya duka Kariakoo inatafutwaje. Watu wanangojea mwenye fremu afe, na akifa wanakuta watoto wake wameshajipanga mlangoni. Hawa waliona fremu kumi na mbili zenye upepo wa bahari hazina mtu. Kabla sijashika kipaza sauti, wakabisha hodi. Wote. Kwa adabu kabisa, kila mtu kwenye mlango alioupenda, kama nilivyowafundisha kwenye boti. Na Mzee Nandonde, kwa mazoea, uso ameugeuza pembeni, akaitikia, "Karibu! Karibu! Karibu!"

Wakahamia.

Vikapu vikafunguka. Chini ya chakula kulikuwa na vitenge, mashuka, chupa za chai, vibanio, makava ya simu. Kumbe kila mmoja alidhani kisiwani kuna watalii, na kila mmoja alimficha mwenzake. Watalii hawakuwapo, siku ile tulikuwa peke yetu. Basi wakaanza kuuziana wenyewe kwa wenyewe, na wakafurahi, maana walikuwa majirani miaka na miaka na hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kutazama bidhaa za mwenzake. "Wewe kumbe una chupa hizi? Mimi nazifuata mpaka mtaa wa Gerezani!" Msikiti mdogo hawakuugusa, lazima niseme hilo, mtu aliyepita hapo alivua viatu na kushusha sauti. Lakini kwingine kote kulikuwa soko.

Na ugomvi ukazuka juu ya fremu ya kona, ile inayotazama kisima.

"Hii yangu, Bhai, mimi nimebisha wa kwanza."

"Mama, kona inahitaji biashara ya jumla. Wateja wote watapita hapa."

"Wateja gani, Bhai? Kaa?"

Walipokuwa wanabishana, Ba akaingia kwenye fremu hiyo polepole na kigoda chake cha plastiki, akaketi, akatoa sindano na uzi, akaanza kushona kifungo cha blauzi. Ukawa mwisho wa ugomvi. Nani angemtoa Ba?

Nikamkimbilia Mzee. "Mzee, wafukuze!"

Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. "Nitawafukuzaje, mwanangu? Wamebisha hodi. Nimesema karibu. Nimesema karibu mara arobaini."

"Basi waambie waondoke."

"Mgeni uliyemkaribisha unamwambiaje aondoke, na hata maji hujampa?"

Akainuka, akaenda kuwaletea maji.

Nikarudi kwa Mama Kuruthumu, nikamsihi. Akanishika bega kwa upendo wote. "Dada Pendo, ndio kwanza kunakucha. Ukifunga fremu saa nne asubuhi, utaipa nuksi." Nikamwambia kuna mkubwa anakuja. Akasema, "Na akaribie, tuna shuka za wakubwa."

Ndipo Dulla, aliyekuwa amesimama juu ya mchanga amening'iniza soksi mkononi, akaona boti inakuja na ndani yake mtu wa sare. Dulla amefukuzwa na askari wa jiji tangu anaota ndevu. Hakufikiri. Mdomo ulifikiri.

"Mgambooo!"

Mimi nimezaliwa Kariakoo na bado sijui niliona nini. Kila mtu alikuwa amepanga bidhaa juu ya kitambaa chenye kamba kwenye pembe nne. Zilivutwa kamba, vitambaa vikajikunja vikawa mafurushi, mafurushi yakapanda vichwani, na magofu yakabaki kama yalivyokuwa zama za wenyewe. Hata kibanio hakikuanguka. Halafu wakakimbia. Kariakoo mtu akisikia mgambo anakimbilia uchochoroni, anatokezea mtaa wa pili, basi. Uchochoro wa kisiwani hautokezei mtaa wa pili. Unatokezea baharini. Waliokuwa mbele waliona, lakini waliokuwa nyuma hawakuona, na watu wa Kariakoo wakisukumwa kwa nyuma huwa wanasonga.

Afisa Luhende alipoteremka, mtu mrefu, mpole, wa kanda ya ziwa, alikuta mchanga umefagiwa, magofu matupu, na watu arobaini wamesimama baharini maji shingoni, kila mmoja na furushi kichwani, kimya, wanamtazama.

"Mzee Nandonde," akasema. "Hawa ni nani?"

"Wageni, bwana."

"Wanafanya nini?"

Mzee akafikiri. Uongo haujui. "Wamesimama, bwana."

"Na mizigo?"

"Mizigo hairuhusiwi kuachwa kwenye magofu, bwana."

Afisa akaenda kukagua. Mimi nyuma yake. Alipita chumba baada ya chumba, akagusa kuta, akainama kutazama chokaa. Alipofika chumba cha kona akaingia, akamkuta Ba, aliyekuwa hajakimbia maana yeye hajawahi kumkimbia mtu. Ba akamtazama viatu, akapandisha mpaka usoni.

"Kijana, umeingia bila hodi?"

Afisa Luhende akarudi nyuma, akatoka nje, akavua kofia. "Hodi."

"Karibu!" ikasema sauti ya Mzee kutoka nyuma ya ukuta, maskini, ilimtoka tu.

Afisa akavaa kofia. Akarudi ufukweni. Nikadhani tumepona.

"Magofu hayana kosa," akasema. "Hakuna jiwe lililosogea. Lakini hawa wamesimama juu ya nyasi za bahari. Hayo ni malisho ya kasa. Ni hifadhi kama magofu yalivyo hifadhi."

Waliposikia, wote wakatazama chini. Dulla, kwa kutaka kusahihisha, alijaribu kuinua miguu yote miwili kwa pamoja. Akazama. Soksi zikaelea.

"Mzee, nilikuonya," Afisa akasema, na nilimwona hakufurahi kusema. "Mwezi ujao unahamia mjini."

"Sawa, bwana," akasema Mzee Nandonde. Akatafuta fagio lake, akakuta analo mkononi.

Nikaingia majini na nguo zangu mpaka kwa Mama Kuruthumu. Nikamweleza kila kitu: kwamba kwa ajili yetu Mzee anatolewa, kwamba atakaa juu ya duka la spika.

"La spika lile la mtaa wetu wa nyuma?" akauliza. "Mungu wangu. Mimi niko mtaa mwingine na nalisikia kwenye meno."

Akatoka baharini, maji yanamchuruzika, akafika mbele ya Afisa, akatua furushi.

"Shikamoo haikufai, we kijana kwangu. Hujambo, baba?"

"Sijambo, mama."

"Umesema unamhamisha mzee wetu kwa muda gani?"

"Moja kwa moja."

"Ahaa. Hiyo ndiyo bei ya kuanzia?"

"Si bei, mama. Ni uamuzi."

"Sijakataa, baba. Nimeuliza tu kama ndiyo ya kuanzia."

Watu wengine wakaanza kutoka majini mmoja mmoja, wakawazunguka kama wanavyozunguka mzigo ukifunguliwa. Mama Kuruthumu akasema, "Sisi tunatoa siku moja."

"Siku moja!" Afisa akacheka kwa hasira. "Mama, usinifanyie mchezo. Hata ningesema miaka miwili..." Akanyamaza. Alikuwa amechelewa.

"Ameshuka," Bhai Jayesh akaninong'oneza. "Toka moja kwa moja mpaka miaka miwili kwa pumzi moja. Huyu hajawahi kununua hata nyanya mwenyewe."

"Miaka miwili kwa nyasi?" akasema Mama Kuruthumu. "Nyasi zinaota, baba. Mzee haoti."

"Basi mwaka. Na hapo sishuki."

"Ndivyo wanavyosema wote." Halafu akafanya ile tunayoifanya sote, akaanza kuponda bidhaa. "Na huyo mzee mwenyewe mjini mtamfanyia nini? Mtazameni. Magoti hakuna. Meno ya kuhesabu. Mtu mzima anafagia mchanga! Ukimweka langoni atawapigisha watu hodi mpaka foleni ifike bandarini. Mbovu kabisa huyu. Ningekuwa wewe ningemwacha hukuhuku nisijitie hasara."

Mzee Nandonde alikuwa anasikiliza, mdomo wazi. Mimi nikataka kulia. Lakini Afisa Luhende alipandwa na hasira.

"Mama, usimseme hivyo! Huyu ndiye mlinzi bora niliye naye. Nimekagua kuta zote leo, hakuna jina limechorwa hata moja. Hata moja! Nitampata wapi mwingine kama huyu?"

"Kumbe!" wakasema watu arobaini.

Afisa akafuta jasho. "Miezi sita," akasema, sauti imepungua.

Mama Kuruthumu akapandisha furushi kichwani. "Twendeni, jamani. Hapa hatuelewani."

Wakageuka, wote, wakaanza kutembea kuelekea kwenye boti. Taratibu, kwa madaha, hakuna aliyetazama nyuma. Hata Ba alikuwa ameinuka na kigoda chake. Nyinyi mnaijua hatua ile, kila mteja anaijua. Ni ngumu, maana kama muuzaji hakukuita, umekwisha. Nilihesabu mawimbi. Mzee Nandonde alibaki peke yake na mkubwa wake kwenye mchanga mtupu, na nikawaza kwamba tumempoteza.

"Njooni kwanza!" akaita Afisa Luhende.

Mama Kuruthumu akafumba macho, akasema alhamdulillahi kwa midomo tu, ndipo akageuka.

Walikubaliana hivi: Mzee anabaki kisiwani, haendi mjini hata siku moja. Na mtaa mzima utakuja kila baada ya muda kuokota taka zinazoletwa na maji, bila mafurushi, na hakuna atakayekanyaga penye nyasi. Wakapeana mikono. Afisa alionekana kama mtu aliyeamka usingizini akakuta ameoa.

"Na nyongeza?" akasema Mama Kuruthumu.

"Nyongeza gani tena, mama?"

"Hakuna biashara bila nyongeza. Muulize mzee anataka nini."

Wote tukamtazama Mzee. Alikuna kichwa kwa mpini wa fagio. Mtu aliyekuwa ameambiwa anaondoka, halafu ameambiwa anabaki, halafu ameitwa mbovu kabisa, angeweza kuomba mengi.

"Benchi," akasema. "Kwenye kuta hairuhusiwi kukaa, na chini nikikaa kuinuka ni kazi. Kama ingewezekana, benchi."

Afisa akaruhusu, lisigusane na magofu. Benchi wakalitoa watu wa mtaa, fundi seremala wa Keko akalitengeneza. Walitaka liwe refu, wakija wakae wengi. Lakini lingeshindikana kupangwa kwenye boti, kwa hiyo fundi akasogeza miguu ya benchi karibu na katikati ili ncha zipite juu ya injini. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Walipolishusha na kulikalia ndipo wakagundua kwamba likikaliwa ncha moja, ncha ya pili inapaa. Lazima mkae wawili, huku na huku, na mmoja akiinuka bila kusema, mwenzake anaanguka.

Fundi alitaka kulirekebisha. Mzee Nandonde alikataa. Afisa Luhende akija kukagua siku hizi, mtawakuta, mmoja ncha hii, mwingine ile, wanazungumza. Hawezi kuondoka mpaka Mzee akubali kuinuka, na Mzee hana haraka.

Safari yangu ya mwisho mlikuwapo, mtakumbuka mlinishika kwapani wawili kunishusha kwenye boti, maana dunia ilikuwa inazunguka. Mliwachukua wageni na kamba. Mimi nikaenda kwenye benchi. Mzee akakaa ncha yake, nikakaa yangu, likatulia, na sikio langu kwa mara ya kwanza siku ile likajua juu ni wapi.

Nikamwambia, "Mzee, mimi sirudi tena."

Alitazama wageni wenu wakibisha hodi, akageuza uso pembeni, akaitikia hodi zao zote. Halafu akashika ubao kwa mikono miwili, vidole vimekaza.

"Ukitaka kuinuka sema," akasema.

Boti ilipiga honi. Kassimu ukaja ukaniita. Ukaja tena. Neno la kuinuka nilikuwa nimeshalisema kimoyomoyo mara nyingi, lakini kwa sauti lilikuwa bado halijatoka.